Baba, Kidevu!

Nyumbani kwangu kila mtu ana mamlaka juu ya shingo yangu isipokuwa mimi ninayeibeba. Mama watoto anayo. Kitinda mimba wangu anayo, naye yuko darasa la tatu na hutazama katuni miguu ikiwa juu ya mgongo wa kochi na kichwa kikining'inia karibu na sakafu. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia wakati wa Pasaka na mpaka leo hajamaliza kusalimia, anayo kuliko wote. Nikiinamia sahani kumega tonge, sauti inatoka: "Baba, kidevu!" Nikijiweka sawa inatoka nyingine: "Na mabega hayo!" Nikiegemea ukuta angalau nipumzike, dada wa kazi anapita na deki lake, ananikoholea. Hasemi neno, maana ana adabu, lakini kikohozi kile nakijua.

Yote yameletwa na karatasi moja. Nilipewa kwenye idara ya fiziotherapia, ina michoro miwili: jamaa mwenye kibiongo aliyewekewa alama nyekundu ya kosa, na mwenzake aliyesimama wima aliyewekewa vema ya kijani. Mama watoto akaibandika kwenye friji, juu ya ratiba ya mgao wa maji, na tangu hapo inatekelezwa kuliko ratiba yenyewe. Maneno ambayo mtaalamu aliniambia, tena mengi na kwa upole, hayakubandikwa popote. Familia ilichukua picha ikaacha maelezo. Malalamiko yangu ndiyo hayo, na nayaleta hapa gazetini kwa sababu nyumbani hayapokelewi.

Tuanze na ugonjwa. Shingo ilinishika upande wa kushoto, ikashuka mpaka begani, nikawa siwezi kumtazama mtu aliye kushoto kwangu bila kugeuka mwili mzima. Ofisini wakanitania kwamba siku hizi nakubali kila jambo shingo upande. Ofisi nzima ina utani mmoja tu, wanapokezana. Kila mmoja pia alikuwa na chanzo chake. Jirani alisema nimelala vibaya. Mpwa wangu alisema simu. Dada yangu alisema feni, maana kwetu hakuna maradhi ambayo feni haijawahi kushitakiwa. Mama mkwe hakutaja chanzo. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu nimegombana naye kazini.

Kinyozi ndiye hakuuliza lolote. Alimaliza kuninyoa, akanisugua uso, kisha akashika kidevu changu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, akasema, "Tulia mzee wangu, nikuvunje kidogo." Nilitoka mpaka barabarani na kitambaa chake kikiwa bado kimefungwa shingoni. Mtaalamu aliponisikiliza baadaye alisema katika yote niliyomsimulia, hilo la kukimbia ndilo la maana kuliko mengine. Shingoni inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kuipinda shingo kwa kushtukiza kunaweza kuuchana mshipa na kumletea mtu kiharusi. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Na ule mlio wa "kwa!" ambao wateja wanaufurahia haumaanishi kwamba kuna kitu kimerudi mahali pake. Kinyozi mpaka leo ananidai.

Huyo mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Aliniamkia, "Shikamoo baba," nikaitikia marahaba, na kuanzia hapo heshima yote ikahamia upande wake. Alianza na maswali ambayo sikuona yanaihusu vipi shingo. Mikono inakufa ganzi? Vitu vinakuponyoka? Vifungo vya shati vinakushinda kufunga? Ukitembea unayumba? Umepata ajali au kuanguka? Homa? Uzito umepungua bila sababu? Nikamjibu kwamba vifungo vinavyonishinda ni vya tumboni tu, na uzito ukipungua kwa sababu yoyote ile nitashukuru. Hakucheka. Alisema ningejibu ndiyo kwa baadhi ya hayo asingenigusa, angenirudisha kwa daktari siku hiyohiyo, maana yaweza kuwa dalili kwamba neva kuu iliyomo ndani ya uti wa mgongo imebanwa, au kuna ugonjwa mwingine kabisa unaojificha shingoni.

Nikamwomba picha. Mtu mzima huwezi kutoka nyumbani alfajiri, ukapanga foleni, halafu ukarudi bila eksirei ya kuinyanyulia wageni dirishani. Alikataa. Akasema ukiwapiga picha watu wa umri wangu wasioumwa popote, wengi utakuta pingili zao zimekwisha kuchakaa, kwa hiyo picha ingeniongezea hofu na tiba ingebaki ileile. Nikahisi nimedhulumiwa. Sindano nayo hakunipa.

Alichonipa ni somo. Shingo ya binadamu ina pingili 7. Twiga naye, mnyama wetu wa taifa, anazo hizohizo 7, ila yake moja inaweza kuzidi sentimita 25. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kikitangulia mbele ya mabega, misuli ya nyuma ya shingo inakuwa kazini muda wote kukivuta kisianguke kifuani, wakati ile midogo ya mbele, iliyojificha nyuma ya koo karibu kabisa na mifupa, inazembea mpaka inasahau kazi. Mabosi wengi wangeimaliza hali hiyo kwa barua ya onyo. Yeye alisema misuli inafundishwa.

Kwanza akaipima. Alinilaza chali, akaingiza chini ya shingo kifuko cha upepo chenye saa yake, jamaa wa kile cha kupimia presha, akakijaza mpaka 20. Kazi yangu ilikuwa kutikisa kichwa taratibu sana, ile ndiyo ya kimyakimya, mshale upande mpaka 22, nitulie, 24, nitulie, twende hivyo hadi 30. Mimi ni mwanamume niliyeoa zaidi ya miaka 20, nikajua ndiyo ya kimyakimya ni fani yangu. Kwenye 24 meno yakaanza kuumana, mishipa ya shingo ikasimama, mshale ukatetemeka. "Baba, unatumia misuli ya nje," akasema. "Hiyo iache ipumzike." Ujanani nilibeba mifuko ya saruji ya kilo 50 nikapanda nayo ghorofani. Leo nashindwa na ndiyo.

Basi nikapewa zoezi la kurudisha kidevu. Hutazami juu wala chini. Unakivuta kichwa chote nyuma, sambamba na sakafu, mpaka kidevu cha pili kitokeze. Unashikilia sekunde 5, unaachia, mara 10, na kwa siku unarudia tena na tena. Haligharimu kitu, halihitaji kifaa, na kwa kweli unasikia kisogo kinafunguka. Tatizo lake ni uso. Sijapata njia ya kulifanya nikabaki na uso wa mtu mwenye nia njema.

Mtaalamu alishauri niliambatishe na jambo la kila siku, nikaliambatisha na daladala. Nimekaa dirishani, foleni imesimama, navuta kidevu, nashikilia. Mama aliyeketi pembeni yangu na kikapu cha dagaa mapajani akanitazama, akakifunika kikapu kwa kanga. Nikaachia, nikatabasamu ili kumtoa shaka. Nikavuta tena. "Baba yangu," akasema, "kama dagaa zinakunukia si uhame kiti?" Kabla sijamjibu kondakta akafika, anagonganisha sarafu. "Nauli, mzee." Mimi niko katikati ya sekunde zangu, kidevu ndani, macho yametoka, siwezi kuongea. Akaona namshangaa. "Nauli ni ileile, mzee, unashtuka nini?" Wa nyuma yetu walisikia neno nauli na neno kushtuka, wakaunganisha wenyewe. Zoezi lilipofika mara ya 10, gari zima lilikuwa linaijadili serikali, na kondakta ananitazama mimi.

Na hapo nilikuwa nimepata kiti. Siku nyingi husimama, na yeyote aliyewahi kusimama ndani ya kipanya anajua lile paa liliwekwa kwa hesabu ya watu waliokaa. Unasimama shingo imekunjwa, sikio limelala begani, kwapa la mwenzio liko puani, kutoka kituo cha kwanza mpaka mwisho wa ruti, na kondakta anakusihi usogee nyuma, kuna nafasi. Yule jamaa wa kwenye mchoro aliyewekewa vema, ningeomba apandishwe kipanya saa 12 jioni, tuone.

Kuna zoezi la pili, la kuyasogeza makombe ya mabega yakaribiane huko nyuma, bila kuyapandisha. Kifua kinatoka chenyewe. Nilitembea nacho hivyo mtaani na matokeo yake ni kwamba Mangi wa dukani alidhani nimelipwa, akanikumbusha deni. Mjumbe wetu naye akanizungukia kwa maneno mengi ya hali ya hewa, mwishowe akauliza kama nina nia ya uenyekiti wa serikali ya mtaa, maana kama ninayo nimwambie mapema, yeye ameshawaahidi watu.

Ofisini ndiko kwenye msiba wenyewe. Sheria ni kwamba ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho. Kompyuta yangu ni mpakato, na ikiwa mezani kioo chake kiko usawa wa kitovu. Niliomba kinyanyuzi, nikaambiwa niandike dokezo. Dokezo likiwa linazunguka, nikaipandisha juu ya rimu za karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine, nikaazima kibodi ya kuweka chini. Kwa kweli nilikaa kifalme. Lakini rimu ni karatasi, na ofisi yetu inaishi kwa kudurufu. Kila mashine ikiishiwa wananijia mimi: "Mzee, samahani, moja tu." Wanachomoa. Mwanzo wa mwezi namtazama bosi usoni, tarehe 20 naitazama tai yake, na mwezi ukiisha nasoma barua pepe nimeinama kuliko nilivyokuwa kabla ya kuugua. Dokezo nasikia limekwama kwa kukosa nakala 3. Nakala hazitolewi kwa kuwa karatasi zimekwisha.

Ya mto siyaelezi kwa urefu. Wangu wa sufi, ambao mtaalamu aliusifu kwa kimo chake, umechukuliwa na mama mkwe, na shingo yake haijawahi kuuma. Yeye alibeba ndoo za lita 20 kwa ngata tangu usichana, na anashikilia kwamba dawa yangu ni ndoo. Nililifikisha shauri hilo kliniki. Nikajibiwa kwamba akina mama waliobeba ndoo wapo, wamejaa tele, niwatazame hapo nje kwenye benchi la kusubiri.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Mpwa wangu, yule wa simu, alituma mchoro kwenye kundi la ukoo: kichwa kimeinama nyuzi 60, na chini yake imeandikwa kwamba shingo inabeba kilo 27. Ukoo mzima ukanipa pole ya kilo 27. Shangazi mmoja aliuliza kama nitaweza kusafiri. Nikamwonyesha mtaalamu. Akasema takwimu hiyo anaifahamu, ilitolewa mwaka 2014 na Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, na ni makadirio yaliyopigwa kwa kompyuta. Hakuna shingo ya mtu hai iliyowekwa kwenye mizani. Kisha akaongeza kwamba mwaka 2018 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya vijana 150 wa Rio de Janeiro, wa miaka 18 hadi 21, walioangaliwa jinsi wanavyoinamia simu wakiandika. Waliokuwa wameinama sana hawakuonekana kuumwa shingo kuliko wenzao.

"Kwa hiyo mwanangu," nikasema, nikihisi gereza linafunguka, "nikiinama sina kosa?"

"Huna kosa, baba. Shida ni kuinama vilevile toka asubuhi mpaka adhuhuri. Na ukikaa wima vilevile toka asubuhi mpaka adhuhuri, utaumwa pia."

"Sasa kukaa wima unanifundishia nini?"

"Ili uwe na pa kuhamia."

Akaeleza kwamba kunyoosha mkao ni kipande kimoja cha tiba. Unajaribu: ukirekebisha kichwa maumivu yakipungua palepale, basi umepata kitulizo cha bure, kitumie. Misuli ikiwa na nguvu, itakustahimilia mikao mingi, mizuri kwa mibaya. Na kinachoikera shingo kuliko yote ni kugandishwa mahali pamoja. Mimi maneno hayo niliyashika neno kwa neno. Nikafika nyumbani, nikasimama mbele ya friji, nikatangaza kwamba mtaalamu ameruhusu kuinama.

"Kakwambia," akauliza mama watoto, "au umemwelewa hivyo?"

Mama mkwe akasema binti wa watu hawezi kutamka jambo hilo na huku mchoro umewekewa nyekundu. Kitinda mimba hakuwa na hoja, alisema tu, "Kidevu." Yaani kuhama mkao, jambo ambalo kila mtu analiweza, halikumvutia hata mmoja. Kumwamrisha mtu mzima akae sawa, hilo limewavutia wote.

Nikajaribu kuwasimulia kisa cha Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Mwaka 1956, katika kliniki yake ya Wellington, alikuwa na mgonjwa ambaye hujulikana tu kwa jina la Bwana Smith, mwenye maumivu ya mgongo yaliyoshuka mguuni na tiba za wakati ule zikawa hazimsaidii. McKenzie akamwambia aingie chumbani alale kifudifudi, anakuja. Kitanda kilikuwa kimenyanyuliwa upande wa kichwa kwa ajili ya mtu mwingine aliyetangulia. Smith hakuuliza, akajilaza hivyohivyo, mgongo umepindwa kuelekea nyuma, mkao ambao wakati ule ulihesabiwa kuwa wa hatari. Baada ya dakika 5 McKenzie akaingia, moyo ukampasuka, akamuuliza hali. Smith akamwambia hajapata nafuu ya namna hiyo tangu aanze kuumwa. Maumivu ya mguu yamekwisha. Kutoka hapo McKenzie akajenga njia nzima ya tiba inayotumika duniani kote, na mwaka 1983 akaiandikia shingo kitabu chake peke yake. Mimi katika kisa hicho naona jambo moja kubwa kuliko yote: Bwana Smith alikuwa peke yake chumbani. Angekuwa kwangu, angeinuliwa kabla ya dakika ya kwanza kuisha.

Kisa hakikuwagusa. Ikabidi nimpeleke mama watoto kliniki asikie kwa masikio yake. Alikwenda na daftari. Mtaalamu akamweleza kila kitu kwa utaratibu: asisimamiwe mkao, aachwe ainame akipenda, ila kila baada ya nusu saa anyanyuke, anyooshe viungo, atembee kidogo, ndipo arudi kukaa. Mama watoto aliandika yote na kumshukuru sana. Mimi nilitembea mpaka kituoni kifua mbele, na wala halikuwa zoezi.

Jioni ileile simu yake ikalia kengele. "Baba, nusu saa. Nyanyuka." Nikanyanyuka, nikajinyoosha. "Basi ukiwa umesimama, funga geti." Nusu saa nyingine: "Nyanyuka, baba. Ukiwa umesimama, ule mtungi wa gesi umekwisha." Nikaja kukaa. Nusu saa: nguo kwenye kamba, mawingu yanatanda. Nusu saa: mama anaomba maji ya kunywa, yasiwe ya baridi sana. Dada wa kazi siku hizi anaangalia tamthilia yake mwanzo mpaka mwisho, hakohoi tena, sauti yake nimeanza kuisahau. Mchoro kwenye friji umeondolewa, pamewekwa daftari.

Nimetafuta pa kukata rufaa sijapaona, kwa sababu shingo inapona. Kushoto nageuka sasa bila kuzungusha kiwiliwili, na mshale wa kile kifuko umevuka 26 bila meno kuumana. Mtaalamu amefurahi, ameandika kwenye faili langu kwamba mgonjwa anapata ushirikiano mzuri wa familia. Niliyasoma maneno hayo kichwa chini, kwenye faili lililokuwa mezani kwake, nikashindwa kumwomba ayafute.

Jumamosi watani wa jadi walikuwa wanacheza. Sare, dakika zinayoyoma, mpira wa kona, mabeki wote wamejaa golini. Kengele ikalia. Nilimtazama mama watoto kwa jicho la huruma, akalitazama daftari. Nikatumwa kiberiti na sukari nusu kilo. Goli lilifungwa nikiwa kaunta kwa Mangi. Mtaa mzima ukalipuka, naye akaiacha droo ya chenji wazi, akakimbilia televisheni yake iliyo nyuma ya friji la soda. Aliporudi nikamuuliza nani kafunga. Akasema nisubiri marudio, kisha akafungua daftari lake, na yeye analo, akaanza kunisomea deni.